CHETI CHA AFYA CHA MVUVI: KINGA YA SAMAKI AU KINGA YA MTU?

Mada kwa viongozi wa walei wa parokia za kando ya Ziwa Viktoria



Tunapoketi kuzungumzia haki na amani tumezoea kuyataja mambo mazito: uchaguzi, migogoro ya ardhi, rushwa, mauaji ya vikongwe wanaosingiziwa uchawi. Mambo hayo ni ya kweli, wala hatutaacha kuyasemea. Lakini haki ya mtu huweza kujificha pia katika jambo dogo ambalo hakuna anayelifanyia mkutano. Leo napenda tuitazame karatasi moja ndogo, nayo ni cheti cha afya anachodaiwa mtu afanyaye kazi ya samaki katika mialo yetu. Nani anakidai? Kwa ajili ya nani? Nani anakilipia? Na yule anayekikosa, anakwenda wapi?

1. Mtu tunayemzungumzia

Ziwa letu lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Hesabu za wavuvi zilizofanywa na nchi tatu zinazolizunguka zilionyesha, katika miaka ya 2010, kwamba watu zaidi ya 200,000 hulivua. Wengi wao hawamiliki chombo wala nyavu. Chombo ni cha tajiri. Wao hutoa mikono yao. Mitumbwi mingi ni ya mbao, hubeba watu watatu hadi watano, wala haifikii urefu wa mita 10. Wavuvi wa dagaa huingia majini katika giza la mwezi, zamani kwa karabai na siku hizi zaidi kwa taa za umeme wa jua. Wavuvi wa sangara huenda mbali zaidi na nyavu au ndoano, nao hukaa kambini visiwani, Ukara, Kome, Maisome, Goziba na kwingineko, kwa wiki na miezi.

Malipo yao ni mgawo. Samaki wakishauzwa, huondolewa kwanza gharama za mafuta, chakula na matengenezo, na kinachobaki ndicho hugawanywa kati ya tajiri na watu wake. Usiku wa mkono mtupu hauna mshahara. Wengi hawana mkataba wa maandishi, na jina la mvuvi halimo katika daftari lolote isipokuwa lile la madeni yake dukani.

Magonjwa ya kazi hii mnayafahamu kuliko mimi. Kuna kichocho, ambacho vijidudu vyake hukuzwa na konokono wa maji ya kandokando na kupenya katika ngozi ya mtu aliyesimama majini akivuta nyavu au akisukuma mtumbwi. Kichocho cha matumbo kikikaa miaka mingi huharibu ini na wengu, hata mtu mwenye nguvu akajikuta anatapika damu. Kuna malaria, kuna kipindupindu katika kambi zisizo na vyoo, kuna ngiri na maumivu ya mgongo kwa ajili ya kuvuta vizito. Kuna UKIMWI, ambao tafiti nyingi zimeonyesha kuwa umewapata wavuvi kuliko watu wa kawaida wa nchi kavu. Na kuna maji yenyewe. Taifa lililia kwa MV Bukoba Mei 1996 na kwa MV Nyerere Septemba 2018, na ilikuwa haki kulia. Mvuvi mmoja aliyeanguka usiku kwa kifafa au kwa kizunguzungu cha homa hupotea kimya, akaliliwa na kambi yake tu.

2. Jinsi cheti kilivyofika mwaloni

Tusipojua asili ya jambo hatutajua namna ya kulirekebisha. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu ya sangara vilijengwa Mwanza, na minofu hiyo ikaanza kuliwa Ulaya. Jumuiya ya Ulaya ilikuwa na masharti yake ya usafi wa samaki, yaliyowekwa mwaka 1991 na 1992, yakigusa kiwanda, chombo na mtu ashikaye samaki. Mwishoni mwa mwaka 1997, kipindupindu kilipoenea Afrika Mashariki, Jumuiya hiyo ilizuia samaki wabichi wa kwetu, na zuio hilo likadumu hadi katikati ya mwaka 1998. Shirika la Afya Duniani lilieleza wakati huo kwamba kuzuia chakula namna hiyo si njia ifaayo ya kupigana na kipindupindu. Hata hivyo milango ilikuwa imefungwa. Mwaka 1999 likaja zuio jingine, safari hii kwa sababu ya watu waliotumia sumu kuvua. Wazee wenzangu wanakumbuka jinsi bei ya sangara ilivyoanguka, na jinsi njaa ilivyopiga hodi katika nyumba ambazo hazikumwaga hata tone la sumu ziwani.

Baada ya hapo serikali zetu zilitengeneza kanuni. Tanzania ilitoa kanuni za ubora wa samaki mwaka 2000, ikatunga Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na Kanuni za Uvuvi za 2009. Mialo kadhaa ikasakafiwa, ikawekewa maji safi na vyoo. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo sote tunaviita BMU, vikaundwa. Na wale wanaoshika samaki wakatakiwa wapimwe afya, kama wanavyotakiwa mama ntilie na wauza nyama, ambao bwana afya huwadai wapime upya kila baada ya miezi sita.

Sisemi kwamba masharti hayo ni mabaya. Sakafu safi na choo ni baraka kwa mvuvi kama zilivyo kwa mlaji, na mwenye kuhara hapaswi kushika chakula cha wengine. Lakini tuone vizuri nani aliyekuwa akilindwa. Kipimo kiliulizwa swali moja: je, mtu huyu anaweza kumtia samaki uchafu? Swali la pili halikuulizwa: je, kazi hii inamfanyia nini mtu huyu? Tumepata utaratibu unaomtazama mvuvi kama tunavyotazama ndoo ya barafu, kwamba iwe safi ili minofu isioze. Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote. Mithali hiyo ni ya samaki. Tusiigeuze kuwa sheria ya watu.

3. Sheria zinasemaje juu ya mvuvi mwenyewe

Huko duniani swali hilo la pili lilikwisha kuulizwa. Mwaka 1959 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 113 juu ya kupimwa afya kwa wavuvi. Uliagiza kwamba mtu asiajiriwe katika chombo cha uvuvi bila cheti cha daktari kinachoonyesha kuwa anaiweza kazi hiyo, na kwamba aliyenyimwa cheti awe na njia ya kupimwa tena na daktari mwingine asiye na upande. Lakini mkataba huo uliwahusu wavuvi wa maji ya chumvi. Sisi wa maji baridi hatukuwamo.

Mwaka 2007 Shirika hilohilo lilipitisha Mkataba Na. 188 juu ya kazi ya uvuvi, ulioanza kutumika Novemba 2017. Huu unautaja uvuvi wa kibiashara wa mito na maziwa pia. Unataka cheti cha afya, unalinda haki ya kupimwa mara ya pili, unataka daktari atoe maoni yake bila kushinikizwa. Hata hivyo umeziachia nchi nafasi ya kuviondoa vyombo vya maziwani ikiwa kuna matatizo makubwa, na kusamehe cheti kwa kuangalia ukubwa wa chombo, muda wa safari, mahali kinapovua na jinsi msaada wa daktari unavyopatikana. Msamaha huo hauvigusi vyombo vya mita 24 au zaidi, wala vile ambavyo kwa kawaida hukaa majini zaidi ya siku tatu.

Wenye vyombo vidogo hulia kwamba masharti haya yametungwa kwa ajili ya meli, na kilio chao si cha bure. Hata Uingereza, iliyoridhia mkataba huo mwaka 2019, wavuvi wa mashua ndogo walipinga cheti wakihofia kwamba wazee wenye maradhi ya kawaida wangefukuzwa kazini, na mwaka 2023 Serikali yao ikalegeza sharti kwa wavuvi wa mashua zisizozidi mita 10. Lakini mvuvi wa kule akizidiwa baharini huweza kufuatwa na helikopta. Mvuvi wa Goziba akizidiwa hupakiwa mtumbwini, akaombewa upepo mwema. Kwa hiyo kipimo kilekile cha ukubwa wa chombo na umbali wa daktari, kinachoweza kumsamehe mvuvi wa Ulaya, kwetu kinaonyesha kinyume chake: kadiri mtumbwi ulivyo mdogo na zahanati ilivyo mbali, ndivyo mvuvi anavyohitaji zaidi kujua hali yake kabla hajaondoka ufukoni.

Sheria za nchi yetu nazo si kimya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe kuwa watu wake wanapimwa na daktari aliyeidhinishwa, kabla ya kuanza kazi na mara kwa mara baadaye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya hali yake ya UKIMWI, na inakataza mtoto wa chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari, ikiwemo kazi ya chomboni. Sheria ya UKIMWI Na. 28 ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa virusi. Tatizo ni kwamba tajiri husema, "Hawa si waajiriwa wangu, ni washirika wangu wa mgawo." Akidai samaki, yeye ni bwana, akidaiwa matibabu, wote huwa washirika! Hapa ndipo haki inapovujia, kama mtumbwi usiozibwa.

4. Mwanga wa Maandiko na mafundisho ya Kanisa

Katika kitabu cha Walawi, sura ya 13 na 14, tunasoma utaratibu mrefu wa kumkagua mwenye ugonjwa wa ngozi. Kuhani ndiye aliyekagua. Wengi wetu tunakumbuka sehemu moja tu, ile ya kumtoa mgonjwa nje ya kambi. Tunasahau kwamba sura ya 14 inaanza kwa kueleza namna ya kumrudisha. Kuhani alitoka yeye mwenyewe nje ya kambi kwenda kumtazama, na yule maskini asiyeweza sadaka kubwa aliwekewa sadaka ndogo, ili umaskini usimzuie kurudi kwa watu wake. Naye Bwana wetu, alipomtakasa mkoma katika Injili ya Marko sura ya kwanza, alimgusa kwanza, kisha akamtuma ajionyeshe kwa kuhani. Kwake ukaguzi ulikuwa mlango wa kurudi nyumbani.

Basi tuna kipimo cha kupimia vipimo. Cheti cha afya kinachomtafuta mtu alipo, kinachomtibu na kumrudisha kazini, kina sura ya Injili. Cheti kinachomsubiri mtu mlangoni ili kimtoze au kimfukuze hakina sura hiyo, hata kikiwa na mihuri mitatu.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, na kwamba matibabu ya mfanyakazi, hasa aumiapo kazini, yapaswa kuwa ya gharama nafuu au ya bure kadiri inavyowezekana. Fundisho hilo linamhusu pia mtu anayevuta nyavu usiku nje ya Ukerewe.

5. Masharti ya cheti cha haki

Napendekeza tuyashike mambo sita, tuyapeleke kwa BMU, kwa halmashauri zetu na kwa matajiri walio waamini wenzetu.

Kwanza, gharama. Anayefaidika na nguvu za mtu ndiye mwenye wajibu wa kuitazama afya yake. Ada ya kipimo ihesabiwe pamoja na mafuta na nyavu, kama gharama ya chombo. Isikatwe katika mgawo wa mvuvi.

Pili, kupimwa kwa kweli. Tusidanganyane: yapo mahali ambapo cheti hununuliwa bila mtu kuguswa hata mkono. Cheti cha namna hiyo ni dhambi mara tatu. Kinamwibia mvuvi, kinamdanganya mlaji, na kinamchafua mtumishi aliyekipiga mhuri. Na anayekinunua kwa haraka ajue kuwa amelipa fedha yake ili asijue anaumwa nini.

Tatu, kipimo kiendane na kazi. Mvuvi apimwe kichocho, kifua kikuu, shinikizo la damu, macho na ngiri. Aulizwe kwa upole juu ya kifafa. Hayo ndiyo yanayoua mtumbwini na kambini. Virusi vya UKIMWI si sharti la kazi hii. Mvuvi ashauriwe kupima kwa hiari yake, naye apate dawa, lakini jibu hilo lisifike kwa tajiri wala kwa mwenyekiti wa mwalo.

Nne, siri. Cheti kiseme tu kwamba mtu anaiweza kazi, au anaiweza kwa masharti, au asubiri hadi apone. Jina la ugonjwa libaki kati yake na mganga. Mwaloni habari hukimbia kuliko injini, na mtu aliyetangazwa hupoteza mtumbwi, chumba na mchumba kwa siku moja.

Tano, tiba itangulie kukataa. Wengi watakaokutwa na ugonjwa wanatibika. Kichocho kina dawa, prazikwanteli, inayonywewa kwa siku moja. Kwa miaka mingi dawa hiyo iligawiwa hasa kwa wanafunzi wa shule za msingi, na mvuvi mtu mzima, ambaye ndiye anayeshinda majini, akaachwa kando. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mahali palipoathirika wapewe watu wote, kuanzia watoto wa miaka miwili, wakiwemo watu wazima. Huo ni ushauri tunaoweza kuudai kwa sauti. Na kwa kuwa mvuvi hurudi majini na kuambukizwa tena, dawa ya mara moja haitoshi. Kipimo cha kila mwaka ndicho kitakachomkumbuka. Mgonjwa wa kifua kikuu apumzike na kunywa dawa, ambazo hutolewa bure, na mganga akimruhusu arudi. Mwenye kifafa asiingie majini. Hapo hatuna budi kusema ukweli, maana upole unaomzamisha mtu si upole. Lakini apewe kazi ya nchi kavu: kushona nyavu, kuanika dagaa, kulinda kambi. Na yeyote asiyeridhika na jibu awe na haki ya kupimwa na mganga mwingine.

Sita, watoto. Kijana asiyefikisha miaka 18 asipimwe ili aingie mtumbwini. Arudishwe shuleni au afundishwe ufundi. Cheti kisitumike kuhalalisha kilichokatazwa.

6. Wajibu wetu sisi

Mtauliza, "Nasi walei tutafanya nini?" Tunayo mengi kuliko tunavyodhani. Jumuiya ndogondogo zipo hata visiwani ambako ofisi ya serikali haipo. Kanisa lina hospitali na zahanati katika eneo hili. Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa ya Kanda yote ya Ziwa. Mwanza kuna pia kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, chenye ujuzi mwingi juu ya kichocho. Kinachokosekana ni mtu wa kuunganisha kambi na waganga hao. Kamati ya haki na amani ya parokia iweza kuwaomba waganga wafike mwaloni siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa wamepumzika, badala ya kuwangoja mjini siku ambazo wako majini.

Kadhalika tuwasaidie wavuvi kuandika makubaliano yao na matajiri, hata kama ni ukurasa mmoja: mgawo ni kiasi gani, nani hulipia matibabu, familia itapata nini mtu akizama. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Tuifuatilie isije ikampita mvuvi kwa kuwa hana anwani ya kudumu. Na matajiri waamini tusiwaogope. Wengi si watu wabaya, hawajaulizwa tu. Mtu anayetoa matoleo makubwa Jumapili yafaa aulizwe kwa heshima jinsi walivyolala wale waliomvulia Jumamosi.

Ndugu zangu, Bwana wetu aliwachagua wavuvi kuwa mitume wake wa kwanza, naye aliwajua kwa majina, Simoni na Andrea, Yakobo na Yohane. Alijua pia uchovu wao wa usiku mzima bila kupata kitu, na asubuhi moja ufukoni aliwawashia moto na kuwaandalia chakula kabla ya kuwapa kazi nyingine. Tuombe mialo yetu ifanane na ufuko ule. Tumsifu Yesu Kristo.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika mwalo ulio karibu nasi, nani anadaiwa cheti cha afya, na nani hukilipia?

2. Mvuvi akiugua kambini, hatua gani huchukuliwa? Nani hutoa chombo na mafuta ya kumsafirisha?

3. Je, tunamfahamu mtu aliyeachishwa kazi kwa sababu ya ugonjwa wake? Jumuiya ilimsaidiaje, bila kumtangaza?

4. Tuchague jambo moja kati ya yale sita. Tutalipeleka kwa nani, lini, na nani kati yetu atakwenda?

5. Tusome pamoja Walawi 14 na Marko 1:40–45. Ni nani leo anayengoja nje ya kambi, na nani anapaswa kutoka kwenda kumtazama?